Ng'ombe Akifa Ghafla Zizini: Weka Kisu Chini Kwanza

Jana jioni alirudi malishoni akiwa mzima, anacheua. Leo asubuhi amelala ubavu, miguu imekakamaa nusu nusu, tumbo limeshaanza kujaa. Kabla hujaita mtu majirani wameshajua: mmoja anakuja na kisu, mwingine na ndoo, wa tatu anauliza paja unaliuza kiasi gani. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa sababu utakachoamua katika nusu saa hiyo kina uzito kuliko dawa yoyote utakayonunua baadaye.

Nimewaandikia wafugaji wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na wa pembezoni mwa jiji la Dodoma, na mtu yeyote anayeishi na mifugo ukanda huu wa kati. Sitagusa kila ugonjwa. Nitakaa zaidi kwenye kimeta, kwa kuwa ni ugonjwa ambao binadamu mwenyewe, kwa kisu chake, ndiye anayeuongezea umri. Kisha nitaingia kwenye homa ya Bonde la Ufa na ugonjwa wa kutupa mimba, ambazo njia zake ni tofauti.

Hatua ya 1: Usimuwahi, usimpasue, usimchune

Kuna tabia tunayoijua wote: mnyama akionekana anakata roho, mtu anakimbilia kisu "amuwahi" ili nyama isiwe kibudu. Kwa mnyama aliyevunjika mguu, sawa. Kwa mnyama aliyeanguka ghafla bila sababu inayoonekana, huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kumchinja. Kimeta husababishwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis, na mnyama anapokaribia kufa damu yake hujaa bakteria hao mamilioni kwa mamilioni katika kila mililita. Ukikata shingo umewamwaga ardhini, mikononi mwako na kwenye kanga ya mama anayekinga damu.

Ubaya wenyewe uko hapa. Ndani ya mzoga ambao haujafunguliwa, bakteria hawa hawana hewa ya oksijeni, na bakteria wengine wa tumboni wanaoozesha mzoga huwashinda. Ndani ya siku chache wengi wao hufa humo humo. Lakini mzoga ukipasuliwa, oksijeni inaingia, na bakteria hubadilika: kila mmoja hujifunga ndani ya gamba gumu na kuwa spora. Spora haili, haikui, inakaa tu, kama punje ya uwele iliyotunzwa vizuri ghalani. Jua la Dodoma haliiui, ukame hauiui, na inaweza kukaa udongoni miongo kadhaa ikisubiri ng'ombe mwingine apitishe ulimi kwenye majani mafupi. Daktari Mjerumani Robert Koch ndiye aliyeonyesha mzunguko huo mwaka 1876, na kimeta kikawa miongoni mwa magonjwa ya kwanza kabisa duniani kuthibitishwa kuwa yanaletwa na kijidudu fulani mahususi.

Kwa hiyo mtu anayepasua mzoga "aone kilichomuua" anachukua bakteria ambao wangekufa wiki hii na kuwapa uhai wa kuwafikia wajukuu zake. Hata daktari wa mifugo hapasui mzoga anaoushuku kuwa na kimeta.

Hatua ya 2: Mtazame bila kumgusa

Simama upande upepo unakotoka. Angalia puani, mdomoni, masikioni na njia ya haja kubwa. Damu nyeusi, nyepesi, inayotoka na haigandi ni dalili kubwa ya kimeta. Tumbo hujaa haraka kuliko kawaida, na mwili haukakamai sawasawa kama mizoga mingine. Lakini damu isipoonekana usiseme umepona. Wapo wanaokufa kwa kimeta bila tone la damu nje.

Vipo vitu vingine vinavyoua ghafla. Chambavu huwapata zaidi ng'ombe vijana walionona, na utaona paja au bega limevimba. Kwa mnyama aliye hai ukibonyeza unasikia kama kuna hewa chini ya ngozi. Ndigana kali, kuvimbiwa, kung'atwa na nyoka, kula majani yenye sumu, yote yapo. Usijaribu kupambanua peke yako kwa kisu. Chukulia ni kimeta mpaka maabara iseme sicho. Ukikosea kwa upande huo umepoteza nyama. Ukikosea kwa upande wa pili unaweza kupoteza mtoto.

Hatua ya 3: Toa taarifa, na ujue cha kusema

Piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Akikosekana, mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, naye atafikisha wilayani. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa, kwa hiyo si suala la hisani. Sema mambo haya kwa ufupi: ni mnyama gani na umri wake, amekufa lini, wangapi wengine wanaumwa, walichungiwa wapi wiki hii, walichanjwa lini mara ya mwisho, na kama kuna mtu amegusa au amekula. Hilo la mwisho usilifiche. Afisa mifugo hakuja kukamata mtu, na akija bila kulijua hatawaita watu wa afya.

Wakati unasubiri, ondoa wanyama wazima zizini uwapeleke upande mwingine, funga mbwa, na fukuza kuku. Funika mzoga kwa turubai au matawi ya miiba ili tai na fisi wasianze kazi yao, kwani nao wanapasua, na wao hawasikii semina.

Majirani watakuwepo, na hapa ndipo penye kazi ngumu. Nimemwona afisa mifugo mmoja kijana akiifanya vizuri. Alifika, akawasalimu wote, "Mbukwenyi," kisha akamgeukia mwenye ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa unataka tuzike mali?"

"Mzee, pole sana. Mali imeshaondoka usiku. Tulichobaki nacho ni wale wengine walioko pale, na hawa watoto wanaochezea hapa. Naomba tuwalinde hao."

Mzee alinyamaza, akamwambia mjukuu arudishe kisu ndani. Yule afisa hakutumia neno moja la kitaalamu. Ukianza na vitisho vya serikali watu wanaitikia mchana na usiku wanarudi na panga.

Na tusidanganyane kuhusu kupika. Watu husema "tutachemsha sana." Spora za kimeta zinahitaji joto la nyuzi 121 ndani ya mtungi wa mvuke wenye shinikizo, dakika 15, ndipo maabara iamini zimekufa. Sufuria ya mafiga matatu haifiki huko. Isitoshe, mpikaji ameshashika nyama mbichi, ameikata kwenye ubao uleule wa mboga, na mtoto ameshapewa kipande cha ini cha kuchoma. Kukausha nyama ndiyo kabisa. Spora hukaa ndani yake zikisafirishwa hadi mjini.

Hatua ya 4: Mwache mtaalamu achukue sampuli

Huenda ukashangaa jinsi kazi hii ilivyo ndogo. Hachani kitu. Akiwa amevaa glovu, anatoboa mshipa wa sikio kwa sindano, anachukua tone la damu, analipaka kwenye kioo kidogo chembamba, kisha anaziba pale alipotoboa kwa pamba yenye dawa. Kioo kinakauka, kinapakwa rangi ya bluu ya methilini na kutazamwa chini ya hadubini. Kama ni kimeta, utaona vijiti vya bluu vyenye ncha zilizokatwa mraba, vimepangana minyororo mifupi, na kila kijiti kimezungukwa na ukungu wa waridi. Ukungu huo ni koti la bakteria, ndilo linalomkinga asimezwe na askari wa damu. Mwenye uzoefu hutambua kwa dakika chache, na sampuli ikihitaji uthibitisho huenda kwenye maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA.

Mzoga ukikaa siku mbili juani, kipimo hiki hakiaminiki tena, maana bakteria wa kuozesha wameshajaa kwenye damu. Ndiyo sababu simu ipigwe asubuhi ileile.

Hatua ya 5: Choma au zika, na uzike kweli

Kuchoma hadi majivu ndiyo njia bora. Lakini ng'ombe mmoja anahitaji kuni nyingi mno, na sisi Dodoma tunajua kuni inapatikana kwa jasho gani. Mzoga uliochomwa nusu ni hatari kuliko uliozikwa, kwa sababu moto unaupasua na kuufungua bila kuumaliza. Kwa wengi wetu, basi, ni shimo.

Chimba karibu kabisa na mzoga, usiuburute zizi zima ukidondosha damu. Kina kiwe mita 2 na zaidi, mbali na kisima, lambo, korongo na mahali maji ya mvua yanapopita. Udongo wetu ukikauka ni mgumu kama saruji, kwa hiyo itisha vijana wanne au watano wenye sululu wapokezane. Kabla ya kuusogeza mzoga, ziba pua, mdomo na njia ya haja kwa matambara yaliyoloweshwa dawa. Afisa mifugo akiwa na fomalini ataitumia. Kwangua udongo wote uliolowa damu, inchi kadhaa, pamoja na majani na samadi ya pale alipolala, vyote vitumbukizwe shimoni. Kamba aliyofungiwa, itupe humo humo. Ngozi ibaki mwilini.

Watu wengi bado hunyunyiza chokaa wakidhani inaua. Usinyunyize juu ya mzoga wa kimeta. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaonya kwamba kalsiamu iliyo kwenye chokaa inaweza kusaidia spora kudumu udongoni. Ndiyo maana ardhi zenye asili ya chokaa nyingi duniani zinajulikana kuwa makazi ya kimeta.

Fukia, shindilia, weka mawe makubwa na miiba juu. Zungushia uzio na usichungie hapo wala kulima hapo. Alama iwe ya kudumu, isiwe kijiti kitakacholiwa na mchwa.

Hatua ya 6: Kunawa, na kwa nini sanitaiza haitoshi

Hapa inafaa kuelewa tofauti ya vijidudu, maana inabadilisha unachofanya. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vimefunikwa kwa utando wa mafuta. Sabuni na spiriti huyeyusha utando huo, na virusi vimekwisha. Spora ya kimeta haina utando wa namna hiyo. Gamba lake linacheka spiriti. Sanitaiza uliyobakiwa nayo tangu wakati wa korona haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kuziondoa: maji yanayotiririka na sabuni, unasugua hadi kwenye viwiko na chini ya kucha, mara mbili. Usinawe ndani ya beseni moja watu sita. Maji machafu yamwagwe kwenye lile shimo kabla halijafukiwa. Nguo zichemshwe peke yake. Glovu na viatu vya raba vilivyochakaa vizikwe.

Hatua ya 7: Fuatilia kila aliyegusa

Andika majina kwenye daftari: waliochuna, waliobeba, waliokula, waliochimba. Kimeta cha ngozi huanza kwa kawaida ndani ya siku 1 hadi 7. Kinaanza kama kipele kinachowasha, hasa mkononi, shingoni au usoni, mtu anadhani ameumwa na mdudu. Kinakuwa lengelenge, linapasuka, na katikati panabaki kovu jeusi tii. Kuzunguka kovu panavimba sana, lakini kidonda chenyewe hakiumi. Kutouma huko ndiko kunakowaponza watu, jipu linauma, kwa hiyo wanasema "hili si kitu."

Usikamue, usichanje, usichome kwa chuma. Nenda zahanati na useme waziwazi: "Nilishika mzoga." Sentensi hiyo inamfupishia daktari njia ndefu. Kimeta cha ngozi kinatibika kwa antibaiotiki za kawaida, na akitibiwa mapema ni nadra mtu kufa. Asipotibiwa, anaweza kufa hadi mmoja kati ya watano. Aliyekula nyama na akaanza kutapika, kuumwa tumbo vibaya au kuharisha damu asisubiri kesho; kimeta cha tumbo ni kikali zaidi, kwa sababu kinachoua ni sumu inayomwagwa na bakteria, na sumu ikishajaa mwilini dawa ya kuua bakteria inakuwa imechelewa. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Kama si kifo kimoja bali mimba zinatoka

Sasa tubadili picha. Mvua zimekuwa kubwa kupita kawaida, mabonde ya Bahi yamejaa maji, mbu hawalaliki. Ghafla kondoo na mbuzi wenye mimba wanatupa, leo mmoja, kesho watano, na wana-kondoo wachanga wanakufa kwa wingi. Hapo shuku homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, na vinaweza kukaa ndani ya mayai ya mbu aina ya Aedes kwenye udongo mkavu hadi mafuriko yanapoyaangua. Ndiyo maana ugonjwa hupotea miaka mingi, ukasahaulika, kisha ukarudi pamoja na El Niño. Mlipuko wa 2007 uliua watu nchini, na mkoa wa Dodoma ndio ulioumia kuliko mikoa mingine. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka bucha zilivyokauka wateja.

Mtu huupata zaidi kwa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa kuliko kwa mbu. Kwa hiyo usishike kijusi wala kondo la nyuma kwa mkono mtupu, usimzalishe mnyama bila glovu ndefu, usimpe mbwa kijusi ale, na usichinje mnyama mwenye homa. Zika. Lala ndani ya chandarua. Na usikimbilie dukani kununua oksitetra: antibaiotiki huua bakteria, kwa virusi haina la kufanya. Pia usishangae wataalamu wakikataa kuchanja wakati ugonjwa umeshashika kasi. Sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuvisambaza virusi haraka kuliko mbu.

Mimba zikitoka moja moja, mwaka baada ya mwaka, bila mvua kubwa wala vifo, shuku brusela, bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo. Mgonjwa hupimwa malaria, hana. Hupewa dawa ya taifodi, haponi. Ukiwa mfugaji na homa yako haina jina kwa wiki kadhaa, mwambie daktari kuwa unafuga na kwamba nyumbani mnakunywa maziwa mabichi. Brusela hujificha ndani ya seli zilezile za damu zinazopaswa kumla, ndiyo maana dawa huwa mbili kwa pamoja na huchukua wiki 6. Ukiacha wiki ya pili kwa sababu umepata nafuu, unamrudisha.

Maziwa yachemshwe mpaka yapande, yote, hata yale ya kugandisha. Najua ladha ya mgando wa maziwa mabichi kwenye kibuyu ni nyingine. Chemsha kwanza, poza, kisha tia kianzio cha mgando wa jana, yanaganda vizuri.

Kabla ya mwaka ujao: chanjo

Chanjo ya kimeta hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na ipo iliyochanganywa na ya chambavu. Hutolewa kila mwaka, nayo ni spora hai za aina iliyodhoofishwa, zisizo na lile koti la waridi. Kwa kuwa ni hai, antibaiotiki inaziua: ukimchoma ng'ombe oksitetra siku za karibu na chanjo, pesa ya chanjo umeitupa bure. Acha wiki moja hadi mbili kabla na baada, na muulize afisa mifugo kuhusu dawa uliyotumia. Panga chanjo iwe imekamilika wiki kadhaa kabla ya mvua za Desemba, maana kinga huchukua muda kujengeka, na malisho mafupi ya mwisho wa kiangazi ndiyo yanayowafanya wanyama wale pamoja na vumbi. Boksi la barafu lenye chanjo lifunguliwe palepale kwenye kibanio, yaani kichochoro cha kubania ng'ombe, kivulini, si kwenye pikipiki njiani. Na wale waliokuwa mnadani Msalato siku ya kuchanja, au ndama waliozaliwa baadaye, waandike pembeni kwenye daftari ili wapate zamu yao.